Kulabu ya Mia Mbili Kumi na Nne

Lango lina kufuli, ila ukuta umechoka;
nimepita pale ulipochuchumaa.
Kamera kifuani, filamu ya picha kumi na mbili tu,
na agizo la mama, alilolitoa akimenya viazi
bila kuinua macho:
"Ukifika chumba cha makoti
nipigie kulabu yangu. Mia mbili kumi na nne."

Covilhã, mlimani, Januari.
Theluji imekaa juu huko kama sufu isiyochanwa,
na mto wa Carpinteira unapita chini ya sakafu
ukisema peke yake.
Siku hizi ni maji matupu.
Zamani, mama husema, ukiutazama mto umeijua oda:
Jumatatu mwekundu, mablanketi ya hoteli,
Alhamisi kijani cha jeshi,
na samaki, kama walikuwapo,
hawakuulizwa wanapenda ipi.

Picha ya kwanza, madirisha:
vioo mia vilivyovunjika, kila kimoja kwa ukaidi wake.
Ya pili, kangaga lililoota ndani ya pipa la rangi.
Ya tatu na ya nne, kangaga lile lile.
(Nilijua ninafuja.)
Baadaye njiwa mkavu juu ya daftari la mishahara,
bawa limefunika safu ya makato.
Nikapiga goti, nikangoja wingu lipite.
Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake;
nami uharibifu wote niliuvuta
upande wa mwanga wangu.

Ghorofani mitambo ya kufumia haipo.
Waliing'oa wakaiuza kwa kilo.
Yamebaki matundu ya bolti, manne manne,
na mafuta ambayo mbao zimeyanywa miaka sabini:
ukikanyaga yananuka bado,
kondoo na chuma.
Na mbele ya kila nafasi, vibonde viwili.
Wanawake walisimama hapo, mtande na mshindio,
mtande na mshindio,
mpaka mbao zikakubali.
Hayo nayasema leo. Siku ile niliona kivuli kizuri.
Picha ya tisa.

Chumba cha makoti kiko nyuma ya ngazi.
Kulabu hakuna. Hata moja.
Zilikuwa za shaba, na shaba inauzika.
Namba tu ndizo zimebaki, rangi nyeupe ukutani:
mia mbili kumi na moja, na mbili, na tatu,
halafu plasta imeanguka, kipande cha ukubwa wa koti,
halafu mia mbili kumi na tisa.
Nikalipiga lile pengo.
Sikujua nipige nini kingine.

Mbili za mwisho ziliungua kwa mwanga.
Zilizobaki mama alizipanga mezani kama karata.
Madirisha akayapita.
Kangaga akalipita, akasema, "Unyevu."
Njiwa akamgeuza kifudifudi.
Kwenye pengo akasema, "Wezi," basi,
kwa sauti ya mtu aliyetajiwa bei ya mkate.

Kwenye ya tisa akavaa miwani.
Kidole chake kikatembea sakafuni, nafasi kwa nafasi:
"Zulmira. Hermínia.
Hapa walibadilishana sana, hapakukaa mtu.
Na hiki cha kushoto, chenye kina kuliko mwenzake,
Deolinda! Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi,
mzigo wote aliutupa huku,
na akiapa mbele ya padri kwamba hachechemei."
Akacheka mpaka akakohoa.
Nikamletea maji, hakuyanywa.

"Na wewe? Ulisimama wapi?"

Kidole kikashuka, kikafika ukingo wa picha,
kikauvuka,
kikatua juu ya meza yenyewe, kwenye makombo.
"Hapa," akasema. "Hapo uliposimama kupiga.
Mbao ni laini pale, eti?"

Nilikuwa nimevaa mabuti, nikamwambia.
Soli nene, kwa sababu ya misumari.