Wino wa Mzingefuri

Mti huu haukuzaliwa hapa.
Bwana shamba alisema umetoka Amerika,
kwenye mito ambayo ng'ambo yake haionekani,
na wenyewe huko walijipaka mbegu zake usoni
siku ya vita, na siku ya harusi pia.
Mama akauliza, "Na nauli alilipa nani?"
akaendelea kupepeta.

Kicheba unamea bila kubembelezwa.
Unataka jua, unataka vuli isikawie sana,
na udongo usiotuamisha maji. Basi.
Mbuzi wananusa na kupita.
Ua lake ni waridi hafifu;
nyuki wameshaingia kabla chai haijachemka.
Kisha vifuko, vina miiba laini isiyochoma,
vyekundu, halafu kahawia,
halafu vinapasuka vyenyewe
kama mtu aliyeshindwa kutunza siri.

Tulizitia kwenye wali, kwenye mchuzi wa papa,
kwenye ukili wa mikeka ya Bi Mwanahamisi.
Sisi wasichana, midomoni, mpaka tukachapwa.
Mwenye kichwa alifungwa majani yake.
Gome lilitoa kamba ya kufungia kuku.
Mnunuzi wa Tanga mjini alikuja na mizani iliyolala upande,
akasema Ulaya wanapaka rangi jibini.
Mama hakujua jibini. Alijua mizani.

Miti kumi na saba aliipanda mpakani
mwaka niliozaliwa,
kati yetu na baba mdogo Semhando.
Baba alipozikwa, arobaini haijatimia,
Semhando akapima upya kwa miguu:
hatua ndefu akija kwetu,
fupi akirudi kwake.

Baraza la kata lilisikiliza, likatafuna maneno,
likampa mama haki yake,
ila aweke dole gumba.
Katibu Mntangi akafungua kibweta cha wino:
kimekauka, kimepasuka kama bwawa la kiangazi.
"Njoo Jumatatu."
Mama alikwisha kuja Jumatatu tatu.

Akafungua pindo la kanga,
pale wenzake wanapofunga senti,
akatoa kifuko kimoja.
Akakipasua, akatia mate kidogo,
akasugua, akabonyeza.
Karatasi ikashika.

"Huo si wino," Semhando akaruka,
"hicho ni kiungo cha mchuzi!"
Watu wakacheka hadi dirishani.
Mntangi akapuliza dole, akalitazama,
na kwa kuwa muhuri nao ulikuwa na kiu
akanyoosha kiganja:
"Nikopeshe mbegu mbili, mama."

Karatasi ninayo mimi sasa.
Rangi hii haipendi mwanga;
dole limekuwa njano ya chai iliyomwagika,
mistari yake haihesabiki tena.
Muhuri ndio usiseme.
Ningeulizwa leo mbele ya baraza
ningewapeleka shambani,
miti kumi na minne, mitatu ilikula mchwa.

Jana alikuja mtoto wa Semhando, Abeid,
akauliza mpaka unapita wapi.
Hakuuliza kwa ubaya. Alikulia Korogwe.
Nikampa kikapu,
nikamwambia achume upande wake.
Alirudi magharibi inaingia,
mikono myekundu hadi viwikoni.
Nikamwonya asijifute kwenye shati.