Maji ya Saa Nane Usiku

Tone ni moja tu, kila nikihesabu nne.
Nalisikiliza tangu Ijumaa,
beseni la bluu chini ya sinki likijaa polepole
kama deni la dukani.

Fundi Shaame alikuja. Hakuinama.
Alimulika kwa simu, akaguna,
akasema elfu sitini, nusu mkononi,
na kesho asubuhi, inshallah, niko kwako.
Kesho ile imeshazaa kesho mbili.

Ghorofa ya chini yangu, Bi Ruzuna
ana baka darini, linakua.
Hagombi. Anagonga tu kwa mchi:
mara tatu alfajiri, mara tatu baada ya isha.

Basi nikashuka Darajani.
Washa, mia tano. Tepu nyeupe, elfu moja.
Mwenye duka akaniuliza nani atafunga.
Yupo mtu, nikamwambia.
Sikumwambia mtu mwenyewe anasomesha jiografia,
na spana atakayoshika ni ya marehemu mumewe,
imelala miaka sita kwenye kopo la maziwa ya unga
na misumari iliyogandana kwa kutu.

Nati ikagoma.
Nikaipaka mafuta ya nazi, nikaisomea Bismillahi,
nikaitukana kidogo, kimoyomoyo.
Ikageuka.
Washa kuukuu ikatoka nyeusi, imesagika
kama gego la kizee.

Adhuhuri kila kitu kikavu, nami najisifu jikoni peke yangu.
Lakini hapa Michenzani ubingwa wa mchana hauna shahidi:
maji huja saa nane usiku.
Mfereji mkavu haumuumbui fundi.

Saa nane nimekaa juu ya ndoo, tochi mdomoni.
Kwanza mfereji unakohoa hewa,
kisha unatema kutu,
kisha maji.
Natia kidole chini ya nati.
Kikavu.
Nahesabu nne. Kikavu.
Nahesabu arubaini.

Ndipo, nyuma ya kigae, ndani ya ukuta,
nasikia tone jingine, zito zaidi,
ambalo siku zote hizi
lilijificha nyuma ya sauti ya lile langu.

Spana yangu haifiki huko.
Namwandikia Shaame palepale, gizani:
Ukuta ni wako, njoo na patasi.
Sinki usiliguse.

Chini, Bi Ruzuna kaamka.
Anagonga mara moja tu.
Sijui ni ahsante
au ni swali.