Ngata

Barua ilikuja na mstari mmoja wa kutisha:
egemeo la kichwa lisizidi gramu mia nne.
Nikaenda dukani kwa Mselem, Langoni,
nikamwomba anipimie sukari ya uzito huo
nijue mkono wangu unaambiwa nini.
Akaifunga kwenye gazeti. Nikaikalisha kiganjani,
nikaona haya: kochi langu dogo kabisa
hubebwa na punda, na punda hulalamika.

Kichwa cha mtu, aliandika Mhandisi Wambua,
ni kilo tano, pengine pungufu kidogo.
Hakuandika kwamba kikipitiwa na usingizi
huko juu, kati ya Manda na Nairobi,
huongezeka.
Mimi najua. Nilikaa kando ya mama safari ya kliniki,
kichwa kikianguka, kikirudi, kikianguka,
kama mtu anayekubali kila anachoambiwa.
Siku tatu alitembea shingo upande.
“Kitwa changu chataka mahala,” akasema.
“Si mto. Mahala.”
Sikumwelewa. Nilikuwa na haraka ya kushona.

Nilianza na usufi, ndio ninaoujua.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema,
na mimi ndio mzigo niliokuwa nautafuta.
Nikachambua mbegu usiku kucha, pua imejaa manyoya,
nikashona mto uliovimba kama andazi.
Gramu mia tatu na kumi!
Nikapiga vigelegele peke yangu, jirani akagonga ukuta.

Asubuhi Shee, seremala wangu, akatoa kibiriti.
“Vitu vya ndege hupimwa kwa moto,” akasema.
Usufi haukuungua. Ulitoweka.
Kikabaki kifungo kimoja
na harufu ya karatasi.

Sponji isiyoshika moto: mia sita na ishirini.
Nikaichonga. Mia tano. Nikaichonga tena,
ikawa ngumu kama neno la mdai.
Makumbi yalichoma masikio.
Wambua akaandika: kila gramu inalipiwa mafuta,
kila safari, mara viti kumi na viwili.
Barua yake nayo niliipima. Gramu tano.

Kisha Shee akaleta kiti cha enzi cha watu wa Mkomani,
mgongo umekatika nyuzi, nimsaidie kusuka.
Nilikaa nacho sakafuni, nikakitazama vizuri
kwa mara ya kwanza, mimi niliyezaliwa navyo:
mbao kidogo, uzi kidogo,
na kilichobaki ni hewa iliyopigwa mistari.
Mabwana wakubwa wameegemea hewa miaka yote hiyo
na hakuna aliyeanguka.

Jikoni mama alikuwa anaepua.
Akavingirisha kipande cha kanga, akakiweka chini,
akakalisha chungu juu yake, tako la mviringo
ndani ya tundu.
Chungu hakikuyumba.
Ngata ileile aliyobebea maji ya kunilea.
Mahala.
Nikaacha uzi umenizonga vidole, nikacheka.

Tulikunja bomba jembamba la alumini,
Shee akalipa mabawa mawili ya kukinga mashavu.
Nikasuka nyuzi zisizoshika moto,
nikibana pembeni, nikilegeza kuelekea kati,
na katikati, pale kisogo kinapokaa,
sikuweka kitu.
Mia tatu sabini na mbili.
Wambua akauliza kwa simu: hapo kati mmejaza nini?
Nikamwambia, hapo ndipo tulipohangaika zaidi.

Leo mama amekaa karakanani kwenye kiti cha majaribio,
amefungwa mkanda, anashika kiwiko cha kiti
kama tunaruka kweli.
Nilimwambia aseme kila anachosikia shingoni.
Nimesimama na penseli.
Randa ya Shee imenyamaza.
Kichwa kimeinama kushoto, bawa limekipokea,
kimetulia.

Naandika:
bawa la kushoto linalia likibebeshwa.
Ushungi unanasa pale fundo linapoishia.
Kuhusu shingo, abiria hajasema kitu.
Amelala.