Mikono ya Bi Mize

Alikuja na mafundi wa mabloki ya Kikwajuni,
wao na ramani, yeye na sanduku la rangi,
Bi Hanelore, Mjerumani wa upande wa mashariki,
mrefu kama ngazi.
Skuli haikuwa na karatasi.
Akaokota mifuko ya saruji, akaipasua,
akaikung'uta hadi kope zikamgeuka kijivu,
tukachora upande wa ndani kwa makaa ya vifuu.
Tulifuta kwa chembe za mkate.
Wenye njaa tulikula kifutio, tukaacha makosa.

"Uzo," alisema, ulimi ukimteleza,
"uzo si duara. Uzo ni nyumba. Tafuta nguzo."
Weusi alitukataza kuuchota koponi:
"Changanya buluu na kahawia.
Mtazameni Vuai shingoni, hamuoni zambarau?"
Tukatazama. Ipo!
Vuai akafunga kifungo cha juu
na hakukifungua mwezi mzima.

Bibi yangu, Bi Mize, alikataa kuchorwa.
"Siku ya kiama utaambiwa: haya, itie roho!
Utaitoa wapi, mwana wa watu?"
Mgeni hakubisha. Alikaa mkekani, akauliza:
"Na mikono?"
Bibi akafikiri, ungo wa mchele mapajani.
"Mikono haina macho. Chora."

Siku nne, huyu akichambua chuya, yule akizichora.
Siku ya nne, juu ya chai ya mdalasini,
Bi Hanelore akasema kwao, baada ya vita,
wanawake walimjia wakitaka nyuso za waume.
Wengine hawakuwa hata na picha:
pua yake hivi, nyusi zake hivi.
Walimlipa viazi.
"Na walifanana?" aliuliza bibi.
"Sijui. Walivichukua viazi vyao vibovu, wakaniachia vizuri."
Bibi akammiminia chai, kikombe kikafurika.

Mkataba ulikwisha, akaondoka.
Bibi naye akaondoka, kwa njia yake,
bila ya kuacha hata picha ya kitambulisho.

Leo nafundisha mimi, ghorofa ya tatu, lifti imekufa.
Mikono ile ipo ukutani,
kidole kidogo kimepinda kama changu nikishika chaki.
Jana niliishusha nifute vumbi,
nikaiinua dirishani, jua likapita ndani yake:
juu ya mikono, hafifu,
mstari wa kidevu, pembe ya mtandio,
vimefutwa kwa mkate.

Sikumwambia mtu.
Nimeirudisha kwenye msumari wake.