Mkalimani wa Duru ya Kumi na Moja

Kiti changu hakikuwa mezani.
Kilikuwa nyuma ya bega la bwana mkubwa,
nusu hatua, kama kivuli cha saa sita na robo:
karibu vya kutosha kunusa sabuni ya kola yake,
mbali vya kutosha nisionekane pichani.

Ujumbe wa Landani upande wa dirisha,
ujumbe wa Beijing upande wa mlango,
katikati maua ya plastiki na chai iliyopoa.
Na sisi, watu wa Hongkong?
Tulikuwa kwenye faili la kijani,
ukurasa wa arubaini na mbili,
chini ya kichwa "Masuala Mengineyo".

Kazi yangu ilikuwa kusema "mimi"
kila bwana aliposema "mimi".
"Mimi nimesikitishwa."
"Mimi sina mamlaka ya kulegeza neno hilo."
Mimi, mimi, mimi, kutwa nzima,
wala hata mara moja hakuwa Ng Sau-ping,
binti wa mshona glavu wa Sham Shui Po.

Asubuhi ya tatu waligombania neno.
Mmoja alitaka uchaguzi uwe "wazi".
Mwenzake akauliza: wazi kama mlango,
au wazi kama kidonda?
Wakaandika "wa haki". Wakafuta. Wakaandika "ufaao".
Hilo wakalipenda wote,
maana ni neno kama gunia:
mbuzi huingia, paka huingia,
na abebaye ndiye atakayejua
kinachomkwaruza mgongo.

Jioni, taarifa kwa wanahabari ilikuwa ile ile,
ningeweza kuitafsiri huku napiga mswaki:
mazungumzo yamefanyika katika hali ya kirafiki,
pande zote mbili zitakutana tena.
Pande mbili.
Hata stuli ya mama ya kushonea
ina miguu mitatu.

Mama hakuniuliza siri. Alijua nimekula kiapo.
Aliuliza tu, uzi mdomoni: "Wanakula nini?"
Bata, nikamwambia, na supu ya jongoo bahari.
"Na wewe?"
"Natafsiri wakiwa wanatafuna.
Nakula baadaye, kikishapoa."
Akacheka mpaka sindano ikamponyoka.
"Kumbe umefanana na mji wako."

Duru ya kumi na moja ilivunjwa na koma.
Sitanii. Koma moja,
kati ya "wakazi" na "wanaostahili kupiga kura".
Ikiwepo, wakazi wote wanastahili.
Ikiondoka, wanabaki wale wa kuchujwa.
Bwana wa Landani akafunika kalamu.
Bwana wa Beijing akafunga faili.
Nami nikabaki kinywa wazi,
wazi kama nini, hakuna aliyeuliza,
nusu ya sentensi ikining'inia ulimini
haina mwenyewe.

Uchaguzi ulikuja hata hivyo, wa vipande vipande:
viti vichache vya umma,
vingine vya mabenki na vyama vya mawakili,
na kila mtu akijua kuna mkono umeshika kifutio
unangoja bendera ishuke.

Mama alivaa viatu alivyonunua
kwa ajili ya mazishi ya baba.
Ukumbi wa shule ulinuka chaki na mvua,
foleni ikauzunguka mlingoti wa mpira wa kikapu.
Miaka sitini na moja,
serikali haijawahi kumuuliza chochote
isipokuwa kitambulisho.

"Na wakiifuta?" nilimnong'oneza.
Akatazama vidole vyake.
"Glavu zangu zote zimeshachakaa," alisema.
"Lakini kuna mikono haikupata baridi."

Karani akainua kichwa: "Nani anafuata?"
Kwa mazoea niligeuka
kumtafuta bwana mwenye sentensi hiyo.
Nyuma yangu alisimama fundi wa lifti,
mwavuli wake ukimchuruzikia viatuni.

"Mimi," nikasema.

Mama akanidukua kiunoni.
"Sema kwa sauti. Hajasikia."