Makala Namba Arubaini na Saba

Imefika bila jina, kama inavyotakiwa.
Karani wetu, Mwanakheri, amelifuta kila mahali:
juu chini ya kichwa cha makala, mwisho kwenye shukrani,
hata kwenye tanbihi ya tatu, pale mwandishi
aliposahau akajitaja.
Ofisi yetu ya Tudor, ghorofa ya pili, feni imekufa,
joto la Machi limenigandisha viwiko mezani,
nami nasoma majina ya visima vya Mji wa Kale,
kisima kwa kisima, Kuze hadi Kibokoni.

Ukurasa wa nne nikasita.
"Neno halina kosa; mwenye kosa ni mkono."
Nani mwingine husema hivi?
Nilikuwa na miaka kumi na sita, dawati la mbele,
insha yangu imetapakaa wino mwekundu,
na sauti hiyo hiyo ikinambia hivyo utosini.
Mwalimu Msellem.
Jina limefutwa, mwendo umebaki.

Mhakiki wa kwanza ameleta mistari miwili:
"Nzuri sana. Chapisheni."
Wa pili kurasa sita, kila aya na mwiba wake,
na kwenye mwiba wa tisa analalamika
kuwa vitabu vyake yeye havikutajwa.
Wa kwanza hakusoma. Wa pili alisoma akijitafuta.
Hakuna aliyeona kwamba jedwali lina visima ishirini na tatu
na maelezo yake yanasema ishirini na sita.

Nimeona mimi.
Nami ndiye nisiyefaa.

Ningeandika "ikubaliwe", nani angeuliza?
Au ningemkaza kuliko wengine, nijione safi.
Hiyo nayo ni hongo; mlaji ni mimi.

Nikampigia Kadzo, mhariri msaidizi, yuko Kisauni.
"Ichukue arubaini na saba."
"Ina nini?"
"Namjua mwenyewe."
"Umemjuaje, na jina limefutwa?"
"Anavyopumua."
Akacheka, akanyamaza, akasema: lete.
Habari ya jedwali sikumwambia.
Usiku ule visima vitatu vilininyima usingizi.

Barua ya uamuzi ilikwenda mwezi wa tano. Sikuisoma.
Jumamosi nikamkuta Marikiti kwa muuza iliki.
"Wametafuta mhakiki wa tatu," akaniambia,
"mwana wa juzi, hapana shaka. Kanihesabia visima!
Wa pili ana kelele, hoja yake ya tisa
wameniandikia nisiijibu. Lakini huyu wa visima..."
Akakatiza. Kidole cha muuzaji kilikuwa kimeegemea sahani ya mizani.
Akakigonga kwa funguo: "Toa."
Kisha kwangu: "Nyinyi wenye majarida hamuna adabu siku hizi."

Nikampokea mfuko wa nazi,
tukaishika Biashara Street, kimya.
Mbele ya duka la leso akasimama.
"Viwili viko Kibokoni, nilivisahau.
Hicho cha tatu," akasema, akiangalia viatu vyake,
"sina hakika kama kilikuwako."