Sahihi Mbili

Kishinau, saa kumi alfajiri. Afisa anauliza:
"Huyu ni nani wako?"

Evdokia anachomoa bahasha kifuani, ina joto la mwili.
Cheti cha kuzaliwa. Pasi; picha ya zamani kidogo,
mashavu yale hayapo tena.
Barua ya ruhusa: sahihi ya mama imetoka Bolonya,
anakomwogesha mzee wa watu;
ya baba ilipatikana kwa bia mbili na machozi,
mbele ya wakili aliyekuwa akipiga miayo.

"Majina ya ukoo hayafanani."

Kweli. Hayafanani.

Ilinka, asiyefikia hata kaunta,
ananyoosha mkono, anagonga kioo:
"Bibi, mwambie nakoroma kama wewe."

Afisa hacheki. Muhuri, ko!
Evdokia anazihesabu karatasi upya, moja moja,
anasahau kumshika mtoto mkono.